Rula Haiamkiwi Shikamoo

Emiliana,

Marahaba. Najua hata ukiisoma barua hii peke yako huko bwenini, mdomo wako utasema shikamoo mama kabla hujafika mstari wa pili, kwa hiyo nimeanza na jibu ili tusipoteze muda.

Mambo ya sabuni, soksi na kufuli la tranka sitayaandika. Bibi yako ameshakuambia. Baba yako naye akakuambia, halafu bibi akarudia yote upya kwa sababu aliona mwanawe hakuyasema vizuri. Sasa hivi wako jikoni wanabishana kama maandazi yako yafungwe kwenye gazeti au kwenye kitambaa, na wewe uko nje unapangusa viatu ambavyo umeshavipangusa mara nne leo. Ukungu umeshuka mpaka kwenye kitunguu saumu cha baba yako, na jua halijazama hata kidogo. Mimi nimekaa mezani na kalamu, na ninataka kukuandikia juu ya fizikia.

Usicheke. Mama wengine huandika machozi, mimi naandika fizikia. Nimefundisha somo hili kwenye shule yetu ya kata tangu hujazaliwa. Kesho unapanda basi kwenda Hanang kulianza mbele ya mwalimu mwingine nisiyemjua, na mimi nikae hapa Nambis nimenyamaza? Nitapasuka. Halafu bado nimekukasirikia. Tangu juzi jikoni tunaongea kama watu waliokutana kwenye foleni ya kisimani, na sipendi uondoke hivyo.

Kwanza, acha kusema fizikia ni ngumu. Umelitoa wapi hilo neno? Kwa binamu yako Martini. Martini yuko kidato cha pili na hajawahi kumaliza zoezi hata moja, sasa ugumu wa kitu ambacho hajakigusa ameujuaje? Juzi nilimwuliza kipi hasa kigumu, akaniambia, "Yote, shangazi." Yote! Mtu akikuambia chakula chote kibaya, ujue hajaonja. Muulize mtu ameshindwa wapi. Akikuonyesha mahali penyewe, huyo msikilize.

Kitakachokusumbua mwanzo si fizikia, ni Kiingereza. Umetoka darasa la saba unasoma kila kitu kwa Kiswahili, halafu asubuhi moja mwalimu anaingia anafungua mdomo na Kiswahili kimebaki nje ya mlango. Wiki za kwanza hutasikia kitu. Utakuwa unaandika tu. Mwalimu atauliza kama mmeelewa, na darasa zima litaitikia "Yesi!" kama kwaya ya Krismasi. Hiyo yesi, mwanangu, ndiyo imenipandisha presha miaka yote hii. Unafundisha kipindi kizima, unatoa jasho, unauliza mmeelewa, yesi. Unasahihisha madaftari jioni, hakuna hata mmoja. Sasa ile yesi ilikuwa ya nini? Ya adabu! Hawataki mwalimu ajisikie vibaya. Ukiwa huko, usiitikie. Kaa kimya kama huwezi kuinua mkono, lakini yesi ya uongo usiitoe.

Ukurasa wa kwanza wa daftari lako utaandika kwamba fizikia ni somo linalohusu maada na uhusiano wake na nishati. Utaikariri na utaona umeshajua kitu. Mimi nilikariri hivyo. Nilikariri daftari zima la kidato cha kwanza na la pili, nikiwa nachunga ndama wa baba yangu, kwa sauti, mpaka ndama wakazoea. Ukinitajia neno la kwanza, ninakumalizia ukurasa na mikato yake. Basi ukaja mtihani wa kidato cha pili. Swali likauliza kwa nini jembe lililonolewa linaingia ardhini kirahisi kuliko butu. Emiliana, wiki ile ile nilikuwa nimelima na jembe butu la mama yangu, na malengelenge yalikuwa bado yako mkononi, mkono huo huo ulioshika kalamu! Mimi nikaandika maana ya mgandamizo, neno kwa neno, vizuri kabisa. Nikapata sifuri.

Nilikasirika mpaka nikalia. Niliona wameninyima haki yangu, maana nilichoandika kilikuwa kwenye daftari. Sikuelewa kwamba waliniuliza juu ya jembe. Makali yakiwa membamba, nguvu yako yote inaangukia mahali padogo, basi udongo unaachia. Ningeandika hivyo tu, na mikono yangu ilikuwa inajua, ila sikudhani mikono inaruhusiwa kuingia kwenye chumba cha mtihani. Nilichelewa sana kujua kwamba fizikia inazungumza juu ya vitu vya nyumbani. Nilidhani inazungumza juu ya vitu vya Ulaya.

Mada ya kwanza itakuwa vipimo. Utaona ya kitoto. Rula, mizani, saa, kile kifaa cha chuma chenye taya cha kupimia unene wa msumari. Wenzako watasema hii tuliisoma darasa la nne. Wengi wanalala mada hii, kisha wanaamka kwenye nguvu, kwenye mwanga, kwenye umeme, wanajiuliza majibu yao yanapindia wapi. Yalipindia hapo mwanzo walipolala. Mwisho wa kidato cha pili mtafanya mtihani, na baada yake mtaulizwa nani anaendelea na fizikia. Hapo utaona watu wanavyokimbia, utadhani kuna siafu darasani. Usikimbie kwa sababu rafiki yako amekimbia. Ukitaka kuacha, acha kwa sababu yako mwenyewe, uniambie, nitakasirika siku mbili halafu yataisha.

Kidato cha nne mtihani unakuja wa aina mbili. Kuna karatasi ya nadharia, ya kukaa na kuandika. Hii inataka sababu. Ukiulizwa kwa nini, usijibu ni nini. Onyesha hatua zako hata kama mwisho umekosea, maana msahihishaji analipa hatua, na jibu lililoanguka kutoka mbinguni halilipi. Na weka kipimo chake! Ukiandika "tano" ukaishia hapo, tano nini? Mita? Mbuzi? Kila mwaka nagomba juu ya hili mpaka sauti inakauka, na kila mwaka wanaandika tano.

Kisha kuna ile ya vitendo, maabara. Mtapewa kijiwe kwenye uzi mkihesabu kinavyobembea, au kipande cha kioo na pini mkifuata mwanga unavyopinda, au nyaya na betri. Unapima, unaandika kwenye jedwali, unachora grafu, unaulizwa makosa yanaweza kutoka wapi. Grafu usiunganishe nukta moja moja mpaka ifanane na mshono wa kikapu. Chora mstari mmoja ulionyooka, nukta nyingine zibaki juu na nyingine chini, ndivyo vipimo vya kweli vilivyo. Ukiona nukta zako zote zimekaa kwenye mstari bila hata moja kuteleza, umezipika. Sisi tunaosahihisha tunanusa mapishi hayo kutoka mlangoni.

Sasa nifike kwenye hasira yangu.

Mwaka jana niliwapa kidato cha nne mtihani wa majaribio wa maabara. Uzi na kijiwe, kitu rahisi. Nikasahihisha. Darasa zima, kila mtu, urefu wa uzi umezidi, na umezidi sawasawa, sentimita mbili kwa kila mmoja. Nikasema hawa wameibiana. Nikaingia darasani nimebeba yale makaratasi, moshi unanitoka masikioni. Nikagomba kipindi kizima. Nikawaambia hawana aibu, wazazi wao wanauza maharage ili wao waje kunakili. Hakuna aliyenyanyua uso. Mwisho binti mmoja wa wafugaji kutoka Gendabi, anayekaa kwa shangazi yake hapa, akasimama taratibu, macho chini, akasema, "Mwalimu, samahani. Rula zimekatika mwanzo. Zinaanzia kwenye mbili."

Nikaenda maabara. Nikachukua rula ya kwanza, imelika ncha yake, inaanzia mbili. Ya pili, mbili. Zote! Ni za mbao, zimesuguliwa na watoto wa miaka yote kwenye sakafu ile ile, na fundi aliyezisawazisha ncha alizikata zote mahali pamoja. Mimi mwenyewe ndiye niliyemwagiza azisawazishe na nikasahau. Nikarudi nikawauliza, mliona? Wakasema waliona. Wote? Wote. Sasa kwa nini hamkusema, jamani?

Wakatazamana. Kisha yule kiranja wao, jitu zima lenye ndevu, akasema kwa upole kama anamfariji mfiwa, "Mwalimu, tuliona. Lakini rula ni zako."

Nilikaa chini. Unajua nilitaka kucheka au kulia, sikujua kipi kianze. Walipima vibaya kwa makusudi, darasa zima, ili wasiniambie kwamba kitu changu ni kibovu. Na siwezi kusema sijui kimetoka wapi, maana nimelelewa hivyo hivyo na wewe nimekulea hivyo hivyo. Kwetu mtoto akipewa kitu na mkubwa anapokea kwa mikono miwili, anainama kidogo, anasema asante. Hakigeuzi-geuzi mbele ya aliyempa kutafuta ufa. Ukikigeuza bibi yako atakuuliza, unadhani nimekupa takataka? Ni adabu nzuri, siikatai. Ukipewa sahani ya chakula, pokea hivyo mpaka uzeeke. Ila maabara ni kinyume. Huko ukipewa kitu, jambo la kwanza ni kukigeuza. Ncha zake ziko? Mshale unasimama kwenye sifuri kabla hujaanza? Saa inatembea? Aliyekupa ana umri gani si hoja. Mwalimu utamwamkia shikamoo, tena kwa moyo. Rula haiamkiwi shikamoo.

Nilidhani darasa lile limenifundisha kila kitu. Kumbe nyumbani kwangu bado.

Juzi nikaja na kipimajoto kutoka maabara. Nilitaka uanze kabla ya wengine, nilitaka hata nijivunie kidogo, sikatai. Sufuria ya maji ikawa juu ya mafiga inachemka. Nikakupa, nikasema, tumbukiza, soma, andika, nikatoka nje kumfukuza mbuzi wa jirani kwenye kitunguu saumu. Niliporudi umeandika mia moja. Mia kamili! Nikakuuliza, umesoma? Ukasema nimesoma, mama. Umeona mia kwa macho yako? Ukatazama chini, ukasema ndiyo.

Emiliana, hapa kwetu maji hayafiki mia. Hayajawahi. Tuko juu mlimani, hewa ya huku ni nyepesi, haiyakandamizi maji sana, kwa hiyo yanachemka mapema, kwenye tisini na tatu hivi, na hata ukiongeza kuni mpaka paa liungue hayapandi tena. Ndiyo maana maharage ya bibi yako yanakaa motoni tangu asubuhi, na dada yake aliyeolewa huko chini Magugu anatucheka kwamba sisi hatujui kupika. Mia imeandikwa kwenye vitabu na watu wanaokaa kando ya bahari. Kwa hiyo nilijua papo hapo kwamba hukusoma chochote, umeandika mia uliyoisikia kwa Martini. Na nilikuita mwongo. Mbele ya bibi yako na baba yako nilisema, "Huyu ataenda huko kupika majibu kama wenzake." Nilisema na mengine ambayo unayakumbuka na sina haja ya kuyaandika tena. Wewe hukujibu. Ulichukua sufuria ukaenda kuosha.

Leo mchana bibi yako anamenya viazi, mimi napita, akaniambia kwa sauti ya chini kabisa kama mtu anayetoa taarifa ya msiba, "Mama Emiliana, ukienda mjini nunua kipimajoto kingine. Kile kimekufa."

Nikamwambia, kimekufa nani kasema?

"Mtoto aliniambia. Siku ile ulipokuwa nje na yule mbuzi. Alitumbukiza mara mbili, mara tatu, kinasema tisini na tatu na nusu, hakiendi. Akaniuliza, bibi, nifanyeje, kitu cha mama kimeharibika. Nikamwambia andika mia, usimwaibishe mama yako, atadhani amebeba kitu kibovu kutoka shuleni kwake."

Loo! Nilisimama pale na maganda ya viazi yananiangukia miguuni. Tisini na tatu na nusu. Ulisoma. Ulisoma mpaka nusu! Ulirudia mara tatu bila mtu kukuambia urudie, jambo ambalo kidato cha nne nawaomba kwa magoti walifanye. Ulikuwa na jibu sahihi mkononi, ukalifuta, ukaandika lisilo sahihi kwa sababu ya adabu, halafu ukatukanwa kwa kukosa uaminifu, halafu ukanyamaza tena kwa sababu ya adabu. Sasa nimgombeze nani? Bibi yako? Wewe? Nilizunguka nyumba mara mbili nikitafuta mtu wa kumgombeza, nikarudi nilipoanzia.

Nisamehe, mwanangu. Hukuwa mwongo, na mimi niliyatamka bila kuuliza swali la pili. Hilo limeisha kwa upande wangu, sijui kwako.

Lakini hasira haijaisha, na inabidi uisikie. Huko uendako hakuna bibi wa kuniambia baadaye. Utapewa kitu kibovu na mwalimu mwenye mvi, au na msimamizi wa mtihani aliyevaa tai, na utanyamaza, na majibu yako yatakuwa mabovu, na hakuna atakayejua kwamba macho yako yaliona vizuri. Watasema tu huyu binti hajui. Hicho ndicho kinachoninyima raha, si vile utakavyofeli, maana hata mimi nilifeli na nikala ugali jioni. Ninachoogopa ni wewe kufeli kwa kitu unachokijua. Mficha maradhi, kifo humuumbua, na mficha rula mbovu naye ataumbuliwa siku ya matokeo.

Na wala haihitaji ukorofi. Unasimama, unasema, "Shikamoo mwalimu. Samahani, naona rula hii inaanzia mbili." Basi. Hujamwita mwizi. Kama ni mwalimu wa kweli atakushukuru. Kama atakuvimbia, atavimba, na uvimbe hupungua. Kwenye mtihani wa taifa wa maabara ukiona waya hauendi au saa haitembei, nyoosha mkono hapo hapo mwanzoni, msimamizi anatakiwa akubadilishie, yuko pale kwa kazi hiyo. Usisubiri umalize. Na kama hakuna kingine cha kubadilisha, andika ulichokiona pamoja na ubovu wake, sema rula ilianzia mbili, toa mbili kwenye kila kipimo. Hiyo ndiyo fizikia yenyewe, hakuna nyingine iliyofichwa nyuma yake.

Basi. Hasira imepungua, nirudi kwenye safari. Basi linapita njia panda saa kumi na moja na nusu alfajiri na ni moja tu kwa siku. Ukilikosa hufiki siku ya kuripoti, na nafasi ya bweni wanaweza kumpa mwingine, wamesema wazi. Nimempangia baba yako: tunatoka saa kumi na moja kamili kwa saa yangu ya ukutani, mpaka njia panda ni mwendo wa dakika ishirini, na tranka analibeba yeye. Namjua kondakta wa siku hizi, ana haraka isiyo na sababu. Siku hizi kila mtu ana haraka. Kengele ya shuleni inapigwa kabla ya wakati tangu sijui lini, nimeshagombana na walimu wa zamu mpaka nimechoka. Padri naye, nikifika yuko kwenye masomo tayari. Hata simu yangu ilikuwa inakimbia, nikairekebisha kwa mkono ifuate saa ya ukutani, maana ile saa walinipa wanafunzi waliomaliza na ni saa ya

*

Nimerudi. Barua ilikatika hapo kwa sababu uliingia.

Wewe unakumbuka, lakini acha niandike, nataka iwepo kwenye karatasi. Uliingia na kiwi ya viatu mikononi, ukasimama mlangoni, ukasema shikamoo ingawa tulishaamkiana asubuhi. Nikasema marahaba, nini tena? Ukasema, "Mama, samahani. Ile saa ya ukutani inachelewa."

Nikasema, inachelewaje?

"Robo saa, mama. Tangu Pasaka. Tangu ulipoishusha tukapaka chokaa ukutani, ukairudisha ukaikadiria."

Emiliana, damu ilipanda mpaka utosini. Nilitaka kukugombeza, namshukuru Mungu nilijizuia. Nikamwita baba yako, nikamwuliza, ulijua? Akaanza kukohoa. Nikamwita bibi. Akaja na mwiko, akatazama saa, akatazama dari, akasema, "Wote tunajua, mwanangu. Tunajumlisha tu kichwani. Lakini saa ni yako."

Saa ni yako! Tangu Pasaka! Mimi, mwalimu wa vipimo! Tangu Pasaka nafika shuleni vipindi vimeanza na nagombeza kengele, na mkuu wa shule ni mwanafunzi wangu wa zamani, ananiamkia shikamoo kila asubuhi na ananyamaza. Padri wa watu ananyamaza. Hata simu iliyokuwa inasema kweli niliinyamazisha mwenyewe kwa vidole vyangu. Na kesho tungetoka kwa saa ile, mbio na tranka kwenye ukungu, tukute njia panda tupu na alama za matairi.

Nikakuuliza, na nilikuuliza kwa ukali kwa sababu ndiyo sauti pekee niliyokuwa nayo, "Umejuaje ni robo saa? Umepima na nini?"

Ukasema, "Na redio ya baba. Ile milio kabla ya taarifa ya habari. Nimesikiliza mara tatu, siku tofauti. Kila mara ni robo saa ile ile."

Sikuwa na swali jingine. Nimekuwa na swali jingine kwa kila mwanafunzi aliyewahi kusimama mbele yangu, na kwako sikuwa nalo. Nililia kidogo, uliona, na baba yako akajifanya anatafuta kitu chini ya meza.

Ulitaka kunipa saa niirekebishe mwenyewe, nikakataa. Umepanda kiti wewe. Umeishusha, ukaigeuza mbele yangu, ukaangalia nyuma yake na betri yake, ukasubiri milio ya redio, ukasogeza mshale. Kile kiti kina mguu mmoja mfupi, hilo nalo naona mlikuwa mnalijua, kwa hiyo nilikishika kwa mikono miwili mpaka ukamaliza.

Kipimajoto nimekiweka kwenye tranka chini ya sweta, nimemwandikia mkuu wangu wa shule kwamba nimekichukua na nitalipa. Huko ni chini kidogo kuliko hapa. Ukipata jiko na ruhusa, chemsha maji, uniandikie ulichosoma, hata kikiwa cha ajabu. Ukiona barua hii ina mahali nimekosea, niandikie na hilo.

Lala sasa. Kesho tunatoka kwa saa yako.

Mimi mama yako, niliyechelewa misa tangu Pasaka.